Mngoni Aliyevaa Kofia Yangu

Ndugu zangu wa Mafinga, mmeniuliza kanisani, mmeniuliza kilabuni, na juzi mmoja wenu alinifuata mpaka mlango wa choo na swali lilelile: "Ilikuwaje Durban?" Nimekuwa nikijibu "salama tu" kwa sababu jibu lenyewe ni refu na halinipi sifa. Sasa nimekaa chini niandike, mlisome pamoja, nisije nikasimulia aibu yangu mara ishirini.

Nilichofuata mnakijua. Binti yangu Editha anafanya kazi Durban kwenye ofisi moja ya meli karibu na bandari, na huko amepata mchumba, fundi wa malori anayeitwa Gaudence. Kijana wa Songea. Mngoni. Mama yake Editha ametangulia mbele ya haki, kwa hiyo neno la ndiyo au hapana lilikuwa langu peke yangu. Editha aliniambia kwenye simu, "Baba, njoo umwone kwa macho yako. Ukisema hapana, nitaachana naye." Angesema atatoroka naye ningelala usingizi. Lakini mtoto anayeweka maisha yake yote mkononi mwako hivyo, anakutia hofu.

Na mimi mnanijua. Miaka ishirini na sita nimetunza ghala la kiwanda cha chai. Mtunza ghala anayeamini watu huishia kizimbani. Nilihesabu gunia likiingia, nikalihesabu likitoka, na katikati nilimhesabu aliyelibeba. Tabia hiyo nilistaafu nayo, na ndiyo niliyosafiri nayo.

Mafinga hadi Tunduma

Nilikuwa na begi la nguo, ambalo sikulijali, na mkoba mdogo wa ngozi, ambao ndani yake kulikuwa na pasipoti, picha ya marehemu mke wangu ya kumwonyesha mkwe, na dawa zangu za presha. Kichwani nilivaa ile kofia yangu ya pama ya kijivu. Mkoba niliuvaa kwa mbele, kama mama aliyebeba mtoto anayenyonya, na nikaapa hautatoka kifuani mpaka Durban.

Tunduma palikuwa na foleni. Malori yalisimama tangu mlimani, na sisi abiria tukapangwa juani. Mzee mmoja muuza soda alinitazama, akatoa kigoda chake akanisogezea. "Kaa, mzee mwenzangu, hapa hamtatoka leo." Nikajiuliza, huyu anataka nini? Soda sijanunua, kabila langu halijui, kigoda cha bure kinatoka wapi? Nikamshukuru, nikasema napenda kusimama. Nilisimama kwa saa nne. Kigoda akakikalia mama mwingine, akasinzia mpaka akakoroma, na sikuona aliyemgusa. Miguu yangu ilivimba hadi Lusaka.

Nakonde hadi Lusaka

Upande wa Zambia nilikaa na mama wa Kibemba aliyejitambulisha kuwa ni Bana Mutale, yaani mama yake Mutale. Anafanya biashara ya mchele Tunduma na Kiswahili anakijua vizuri. Basi letu lilikatika mkanda kabla ya Mpika, tukakaa porini kuanzia asubuhi mpaka jua linainama. Dereva aliondoka kwa lifti kutafuta mkanda mwingine, nami nikamshuku kwamba hatarudi. Nilimwambia kila mtu. Baadhi walianza kulia.

Mchana Bana Mutale akafungua chombo chake. Ndani kulikuwa na kitu cha kahawia, kigumu kiasi, kimekatwa vipande kama soseji nene. Akanipa kipande kwa mkono wa kulia. Nikauliza ni nyama ya nini.

"Si nyama, baba. Hii ni chikanda. Ni mizizi ya porini, tunatwanga na karanga na pilipili."

Nikakitazama. Kilikuwa na rangi ya nyama, kinakatika kama nyama, na mwenye nacho anasema si nyama. Kwa mtunza ghala, bidhaa isiyofanana na jina lake inarudishwa. Nikamwambia nimefunga. "Umefunga, na ulikula mayai Nakonde?" aliuliza, bila hasira. Mbele yangu alikula kipande kile alichonipa, taratibu, ili nione kwamba hafi. Sikuona haya ya kutosha. Niliona njaa tu.

Dereva alirudi, na mkanda, na maji ya kunywa kwa watu wote.

Lusaka hadi Johannesburg

Lusaka nilibadilisha basi. Wakati mizigo inapakiwa nilisimama nyuma nikaihesabu, maana mazoea yana taabu. Mizigo arobaini na saba. Jirani yangu safari hii alikuwa Mtanzania wa Dodoma mwenye duka la simu huko huko Durban, na kutoka Chirundu mpaka Harare kazi yake ilikuwa kunitisha. "Durban wewe! Durban wanakuvua soksi na viatu viko mguuni. Na mbaya zaidi ni Waswahili wenzako. Atakayekuchukua stendi na kukuita baba, huyo huyo."

Lisemwalo lipo. Nikakaza kamba ya mkoba.

Beitbridge walitushusha, mizigo yote chini, imepangwa mstari mmoja. Nikahesabu tena. Arobaini na minane. Nikahesabu mara ya pili, nikaanza kutoka jasho. Watu huwekewa dawa za kulevya kwenye mabasi, tumesikia. Nikamwendea ofisa, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kiwandani kwamba kuna begi moja la ziada lisilo na mwenyewe. Wakaleta mbwa. Tukasogezwa nyuma. Jua linachoma, watoto wanalia, saa mbili na nusu zikapita. Begi lilikuwa la kondakta mwenyewe, alilipandisha Harare alipopitia kwa dada yake. Ndani kulikuwa na shati, mswaki na keki ya siku ya kuzaliwa ya mwanawe, ambayo mbwa aliikanyaga.

Kondakta hakunitukana. Alinitazama tu, akafunga begi lake. Abiria wengine waliniachia nafasi tele. Tangu Musina mpaka Johannesburg nilikaa peke yangu kwenye viti viwili, na mtadhani nilijifunza kitu. Sikujifunza. Nilijiambia, bora keki iharibike kuliko tungefungwa wote.

Sydenham

Kutoka Johannesburg ni barabara pana inayopanda, halafu inateremka siku nzima kuelekea joto. Editha alinipokea stendi. Amenenepa, anavuka barabara bila kusita, na taa za barabarani anaziita robot. Nilipomkumbatia mkoba ulikuwa katikati yetu, akacheka, "Baba, uvue basi." Sikuuvua.

Anapanga chumba Sydenham, kwa mama wa Kikongo mwenye saluni, Mama Bea. Mama huyo alinipikia siku ileile, sahani imejaa.

"Papa Editha, karibu. Iko pondu, iko fufu, iko samaki. Kula."

Nikachovya kidogo fufu, ugali wao wa muhogo, kwenye pondu, yaani kisamvu, nikanusa. Mama Bea akaweka mikono kiunoni. "Unaogopa nini? Hapa hakuna mutu atakuroga. Kama nilikuwa nataka kukuua, ningekupa ya baridi. Hii ya moto ni ya kukupenda."

Nilikula. Ilikuwa tamu, sitakana.

Kesho yake, Ijumaa, tulikwenda Clairwood, anakofanya kazi Gaudence. Ni mahali pa maghala na malori, vumbi jeusi, matela yamepangwa mpaka mwisho wa macho. Gaudence alipiga goti kunisalimu, na mikono ina grisi mpaka viwiko. Aliongea kidogo, macho chini, kama inavyompasa mkwe mbele ya baba wa binti. Alipokwenda kunawa, nilifungua sanduku lake la vifaa. Spana zote zilikuwa mahali pake, zimepangwa kwa ukubwa, zimefutwa. Nilitafuta iliyopungua nikaikosa. Ndugu zangu, mtu anaweza kudanganya kwa maneno, lakini sanduku la spana halidanganyi.

Pale pale nilikutana na Odilo. Huyu ni mjomba wa Gaudence, mziba pancha za malori, miaka zaidi ya ishirini Durban, Kizulu anakiongea kama maji. Umri wetu haupishani sana. Ndiye aliyebeba jambo la posa upande wao, maana wazazi wa kijana wako Songea. Alinivulia kofia. "Shikamoo, baba." Alinipa kiti, akanipangusia kwa kitambaa, akaniuliza habari za njiani moja baada ya nyingine.

Hapo ndipo shaka iliponishika. Mnajua sisi Wahehe na Wangoni tulivyo. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, na wajukuu tumebaki watani: Mngoni akikukuta msibani anakutukana na wewe unacheka, akiona kuku wako anamchukua, akishika kitu chako unakikomboa kwa jogoo, akikukuta sokoni anakuuliza mbwa leo wameuzwa bei gani, maana wanadai Wahehe tunakula mbwa. Sijawahi kumwona Mngoni aliyeniita "baba" dakika kumi nzima bila kunitania. Nikajiuliza, huyu anaficha nini?

Jioni Editha aliniuliza kwa sauti ndogo, "Baba, umemwonaje Gaudence?" Nikamjibu, "Sijaona kasoro." Kwangu mimi hiyo ni sifa kubwa, na yeye analijua hilo. Alitoka nje na simu yake. Sikumuuliza anampigia nani.

Jumba la gavana

Jumamosi Editha na Gaudence walikuwa kazini mpaka mchana, na hata hivyo mkwe hatembei mjini na baba mkwe kama wanaokwenda mpirani. Odilo ndiye alijitolea kunitembeza. Alisema kuna jumba la zamani la serikali, mlimani, alilokuwa anakaa gavana wa wakoloni, na kuta zake za ndani zimechorwa zote kuanzia sakafu mpaka dari. "Baba, huwezi kurudi Iringa hujaliona. Kuna ukuta mmoja nataka nikuonyeshe."

Kwa nini ukuta mmoja? Nikalibeba swali hilo njia nzima.

Jumba ni zuri, lazima niseme. Nguzo nyeupe, ngazi pana za mawe, chini unaiona bandari na winchi zake. Mlangoni kulikuwa na mlinzi wa makamo, Mzulu, aliyetusalimu vizuri na kutuambia mikoba haipandi ghorofani, inaachwa kwenye benchi la ukumbini, mbele ya macho yake. Nilibishana naye. Akasema, "Eish, baba, hapa hapajaibiwa hata kalamu." Mwishowe niliuvua, kwa mara ya kwanza tangu Mafinga, na kofia nikaiweka juu yake.

Kuta zile zinasimulia. Wa kwanza ni bandari: meli, moshi, na wanaume wanaobeba magunia ya sukari. Nilisimama pale muda mrefu. Magunia yale yamebebwa vibaya. Gunia la kilo mia hulishiki kwa vidole, unalilaza begani na shingo unaipinda. Aliyechora hakuwahi kubeba hata debe, na gavana aliyechorwa katikati ana glavu nyeupe mikononi. Nikamwambia Odilo, "Hii ni stoo iliyoandikwa na mtu asiyeingia stoo." Akacheka kidogo, akajizuia. Wa pili ni mashamba ya miwa, na Wahindi wamechutama na mapanga.

Ukuta aliotaka nione ulikuwa juu ya ngazi. Umati wa watu wanaondoka: wanaume na ngao, wanawake na vyungu kichwani, ng'ombe, watoto wanavutwa mikono, wote wameelekea kaskazini. Mbele yao kuna mto. Mwanamke mmoja amegeuka nyuma, na uso wake ndio uso pekee katika jumba lile ambao niliuamini.

"Hawa ndio sisi," Odilo alisema. "Hapa ndipo tulipotokea. Unaona? Wanakuja kwenu."

Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, macho yanametameta, kama mtu anayezuia chafya. Nikageuka nimpige picha yule mwanamke. Picha ya kwanza ilitoka na kidole changu, ya pili nikatetemeka, ya tatu ikatoka. Nilipogeuka, Odilo hayupo. Nikachungulia chini ukumbini. Mlinzi alikuwa anawaelekeza wageni wengine. Benchi lilikuwa tupu.

Nawaambia moyo ulivyosema, bila kuupamba. Ulisema: ndiyo huyo. Kiti alikipangusa kwa ajili ya hili. Shikamoo zote zile zilikuwa za hili. Niliteremka ngazi nikipiga kelele kwa Kiingereza, "Thief! Thief! The man who came with me!" Mlinzi akafunga geti. Askari wawili wa doria waliokuwa barabarani wakaingia mbio.

Hawakumtafuta mbali. Alikuwa bustanini, nyuma ya nguzo, amekaa kwenye jiwe. Mkoba wangu umelala mapajani mwake na kofia yangu ya pama iko kichwani, imekaa upande. Alikuwa anacheka mpaka machozi. Aliponiona nakuja na watu, akadhani nimeleta mashahidi, akasimama akapaza sauti:

"Mateka! Mateka wa kwanza tangu vita! Mhehe, mkomboe mtu wako! Leta jogoo! Jogoo, nasema, usilete mbwa!"

Askari wakamshika mikono yote miwili.

Nilielewa. Nataka mlijue hilo vizuri, maana ningeweza kuwaficha. Aliposema "jogoo" nilielewa kila kitu, tangu benchi mpaka kofia. Lakini nilikuwa nimekwisha kupiga kelele, geti limefungwa, wageni wametoa simu wanapiga picha. Na kisauti kingine ndani yangu kikasema: utani ni pazia zuri la mwizi, usiwe mjinga.

Askari mmoja, mwanamke, akaniuliza, "Unamfahamu?"

"Nimemfahamu jana."

"Ulimpa mkoba huu?"

"Hapana."

Majibu yote ni ya kweli. Yule mlinzi Mzulu akaingilia kati. "Baba, huyu mtu anacheka. Mwizi hacheki, na hakai bustanini kungoja. Mlikuwa mnacheza?"

Odilo alinitazama. Alikuwa bado anatabasamu, ananingoja nimalize mchezo, nimtukane tutoke.

Nikasema, "Sijui."

Tabasamu lake halikutoka mara moja. Lilipungua, kisha likaisha. Aliivua kofia yangu kwa mikono miwili, akampa askari, na tangu hapo hakusema tena hata neno moja la Kiswahili. Wakamwomba karatasi yake ya kuishi nchini. Ilikuwa Clairwood, kwenye koti la kazi, na siku zake zilikuwa zimepita wiki moja. Alikuwa anangoja miadi ya kuihuisha. Wakaondoka naye.

Siku mbili za Sydenham

Editha alilia amesimama, bado ana beji ya ofisi shingoni. "Baba, ni mimi niliyempigia mjomba Odilo Ijumaa. Nilimwambia umekubali. Nikamwambia sasa uko huru, mtani wako huyo." Kumbe heshima yote ile ya Clairwood ilikuwa ya mshenga anayengoja jibu. Alipopata jibu, alifungua furaha yake kwa njia ya kwao na ya kwetu. Ile ilikuwa "karibu" ya ukoo mzima, nami nikaiitia polisi.

Mama Bea alisikiliza yote, anasuka kichwa cha mteja. Kisha akasema, "Papa Editha, ule muzee alikuwa anafurahi. Ukamufunga juu ya furaha yake?" Siku hiyo alinipa chakula cha baridi.

Jumatatu nilikwenda kituoni na Gaudence, ambaye alibeba ile karatasi na barua ya miadi. Kijana hakunilaumu. Alinifungulia mlango. Nilimkuta yule askari mwanamke, nikajaribu kumweleza utani. Jaribuni siku moja kuueleza kwa Kiingereza. Nilisema, babu zetu walipigana, kwa hiyo sisi tunaruhusiwa kuchukuliana vitu.

"Mnaruhusiwa na nani?" akauliza.

"Na vita."

Aliweka kalamu chini. "Na wewe, baba, Jumamosi ulikuwa huijui sheria hii?"

"Nilikuwa naijua."

Akaandika, akanipa nitie sahihi. Wakamtoa Odilo akiwa hana mkanda, viatu havina kamba. Wamempa tarehe ya kuripoti na karatasi yake. Nilijiandaa kwa tusi lolote. Ningelipokea lolote, la mbwa, la mama yangu, la ukoo wote. Alisimama mbele yangu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Clairwood tena

Nikasema, fidia nitalipa. Jumanne nilitafuta jogoo. Durban jogoo hai anapatikana, wapo wamama wanaowauza karibu na kituo cha taxi mjini, ndani ya matundu ya waya. Nilichagua mwekundu, mzito, mwenye hasira. Sikumpima, sikubishana bei, na sikuhesabu chenji. Muuzaji alimfunga miguu akamtia kwenye boksi, na ndani ya taxi alinyoosha shingo nje akawika mbele ya robot nyekundu. Abiria wote walicheka. Nami nilicheka. Nilidhani mambo yanatengenea.

Odilo alikuwa amechutama kwenye gurudumu la lori, mkono mmoja ndani ya tairi. Gaudence na mafundi wengine walikuwepo. Nikasimama katikati ya yadi, nikainua jogoo juu, nikapaza sauti niliyokuwa nimeiandaa tangu asubuhi.

"Mngoni! Babu zako walifukuzwa hapa, wakakimbia mpaka kwetu, na wewe umerudi kuziba pancha! Huna haya? Haya chukua jogoo wako, unirudishie mateka wangu!"

Hakuna aliyecheka. Odilo aliutoa mkono taratibu, akaufuta kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Akaja. Akapokea jogoo kwa mikono miwili, goti limepinda kidogo.

"Ahsante sana, baba. Umejisumbua."

Nikamwambia, sasa chini chini, "Odilo. Nitukane."

"Siwezi, baba. Wewe ni mkwe wetu, tunakuheshimu."

Akamfungua jogoo miguu, akamwekea maji kwenye kopo. Akaniletea kiti, kilekile, akakipangusa. Akaagiza soda ya baridi. Aliniuliza presha inaendeleaje, mvua za Iringa zimekuwaje, nitasafiri lini. Kila swali lilikuwa la adabu, na kila moja lilinipiga palepale nilipotaka kupigwa kwa namna nyingine. Nilikunywa soda yote kwa sababu ningeiacha ingekuwa dharau. Maji yakimwagika hayazoleki, nilikuwa nawaambia vibarua wa ghala, nikidhani nazungumzia maji.

Kurudi

Njia ya kurudi ilikuwa ileile na sina mengi ya kusema juu yake. Mkoba niliuweka juu, pamoja na mizigo ya wengine. Hakuna aliyeugusa.

Stendi ya Durban, kabla sijapanda, nilimuuliza Editha lile ambalo nyinyi nyote mnataka kujua. Akanirekebisha kola ya shati kama alivyokuwa akifanya mama yake.

"Harusi ipo, Baba. Gaudence hajabadilika, na mjomba amesema mtoto hana kosa. Ila nilikuwa naolewa na ukoo mzima. Sasa naolewa na Gaudence tu. Wengine wote watanisalimia vizuri." Akaniangalia. "Baba, unajua kusalimiwa vizuri kulivyo?"

Nilimwambia ndiyo, najua.

Sasa sikilizeni, maana hili ndilo lililonikalisha na kalamu. Jumamosi hii wanakuja kwangu Wangoni sita kutoka Songea, wakileta barua ya posa. Anayewaongoza ni kaka mkubwa wa Odilo. Editha amenipigia jana: Odilo amewaambia yote, na amewaagiza waniheshimu. Hawatanitania. Watakunywa chai, watashukuru, wataondoka, na binti yangu ataingia nyumba hiyo akiwa mgeni mpaka afe.

Mimi siwezi kuuanza tena utani huo. Niliupeleka polisi, umekufa mikononi mwangu. Lakini nyinyi hamkuwepo Durban. Kwa hiyo nawaomba, njooni mapema, wote, na wake zenu. Wakishuka kwenye gari waiteni wakimbizi. Wafungieni njia. Ficheni viatu vyao, kamateni kofia ya yule kaka mkubwa mdai jogoo, semeni yote mnayoyajua juu ya Wangoni na mengine mtunge. Msiogope kuzidisha. Watakaa kimya mwanzoni kwa sababu wameagizwa. Endeleeni. Mimi nitabaki ndani na mlango umerudishwa, nikisikiliza kama kuna hata mmoja wao atakayewajibu.